Makala yanakuja nusu: kutafuta kasoro kwenye Miniflux uliyojiwekea mwenyewe

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ameweka Miniflux, programu ya kusoma milisho (orodha za makala mapya ambazo tovuti huzitoa kwa ajili ya programu kama hizi), kwa Docker, inayoendesha kila programu ndani ya kontena lake, pamoja na hifadhidata yake ya PostgreSQL, akitaka kusoma habari nzima nzima mahali pamoja bila kuruka kutoka tovuti hadi tovuti, na sasa kuna kitu kinagoma. Nimechagua Miniflux kwa sababu ni programu moja ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Go, haina mapambo, na pale mlisho unapotoa kipande tu yenyewe inaweza kwenda kwenye tovuti kuchota makala yote. Anayetumia FreshRSS, programu nyingine ya aina hii, atakuta sehemu kubwa ya haya inamhusu, hasa kuanzia pale makala yanapokatika. Majina ya mipangilio ndiyo yatakayotofautiana.

Kwanza ijue njia wanayopita maneno. Tovuti hutoa mlisho. Seva yako huuchukua. Kama umewasha uchotaji, seva hurudi tena kwenye tovuti kuchukua ukurasa wenyewe. Kisha programu hutupa menyu, matangazo na viungo vya pembeni, hubakiza mwili wa makala na kuuhifadhi kwenye hifadhidata. Mwisho kivinjari chako au simu huja kuusoma. Kila dalili iliyo hapa chini inatokana na hatua mojawapo kati ya hizo, na kazi yako ni kujua ni ipi kabla hujagusa chochote. Wengi hubadilisha mipangilio mitatu kwa mpigo. Hata ikipona hawajui dawa ilikuwa ipi, na wiki ijayo ikirudi wanaanza upya.

Zana zinazohitajika ni mbili tu:

`docker compose logs --tail 50 miniflux`

`curl -sIL https://anwani-ya-tovuti`

Hiyo ya pili iendeshe ukiwa ndani ya seva, si kwenye kompyuta yako ya mezani. Tovuti inaweza kukufungulia wewe ukiwa nyumbani na kuifukuza seva yako iliyoko ughaibuni, na hili tutalirudia. Logi zikiwa bubu, ongeza `LOG_LEVEL=debug` kwenye mazingira ya kontena, uliwashe upya, kisha uiondoe ukimaliza.

Kontena linawaka, linazima, linawaka tena

Hapa tatizo ni hifadhidata karibu kila mara. Linganisha faili lako na hili, ambalo ni dogo kuliko yote yanayofanya kazi:

```
services:
  miniflux:
    image: miniflux/miniflux:latest
    restart: unless-stopped
    ports:
      - "127.0.0.1:8080:8080"
    depends_on:
      db:
        condition: service_healthy
    environment:
      - DATABASE_URL=postgres://miniflux:NENOSIRI@db/miniflux?sslmode=disable
      - BASE_URL=https://habari.example.org
      - RUN_MIGRATIONS=1
      - CREATE_ADMIN=1
      - ADMIN_USERNAME=msimamizi
      - ADMIN_PASSWORD=NENOSIRI_LINGINE
  db:
    image: postgres:17
    restart: unless-stopped
    environment:
      - POSTGRES_USER=miniflux
      - POSTGRES_PASSWORD=NENOSIRI
      - POSTGRES_DB=miniflux
    volumes:
      - data:/var/lib/postgresql/data
    healthcheck:
      test: ["CMD", "pg_isready", "-U", "miniflux"]
      interval: 10s
volumes:
  data:
```

Logi ikisema `connection refused`, Miniflux imeamka kabla ya PostgreSQL kuwa tayari. Mstari wa `condition: service_healthy` na ukaguzi wa `pg_isready` ndio unaoilazimisha isubiri. Bila hivyo, `depends_on` hutazama tu kwamba kontena limeanza, haijali kama hifadhidata iliyomo ndani imeshakubali wageni.

Ikisema `password authentication failed`, na wewe una hakika nenosiri ni lile lile pande zote mbili, kumbuka kwamba `POSTGRES_PASSWORD` husomwa mara moja tu, siku ile hifadhidata inapoundwa. Ukilibadilisha kwenye faili baadaye, PostgreSQL haina habari. Kama bado hujaweka kitu cha maana, futa kila kitu kwa `docker compose down -v` uanze upya. Kama kuna milisho ndani, usiguse hiyo `-v`, kwa sababu inafuta hifadhi yote. Badala yake ingia ndani na ubadilishe nenosiri kwa mkono:

`docker compose exec db psql -U miniflux -c "ALTER USER miniflux PASSWORD 'jipya'"`

Kuna pia nenosiri lenye alama. `DATABASE_URL` ni anwani kama anwani nyingine za mtandao, kwa hiyo `@` au `#` ndani ya nenosiri huivuruga. Andika `%40` mahali pa `@` na `%23` mahali pa `#`. Njia rahisi zaidi ni kutumia nenosiri refu la herufi na tarakimu peke yake, hakuna unachopoteza.

Logi ikilalamika kuhusu SSL, umesahau `sslmode=disable`. Ndani ya mtandao wa Docker kwenye mashine moja hakuna ubaya kuizima.

Kosa jingine huja baada ya kusasisha. Umebadilisha `postgres:15` kuwa `postgres:17`, ukawasha, na hifadhidata inakataa ikisema folda ya data ilianzishwa na toleo lisilopatana na hili. PostgreSQL haivuki toleo kubwa kwa kubadilishiwa namba tu. Rudisha namba ya zamani, toa nakala kwa `pg_dump`, anzisha hifadhi mpya, kisha irudishe humo. Na ukifika toleo la 18 jihadhari: taswira (image) rasmi ya Docker ilihamisha mahali pa data, kwa hiyo hifadhi hupachikwa kwenye `/var/lib/postgresql` badala ya `/var/lib/postgresql/data`. Ndiyo maana nimeandika `postgres:17` waziwazi. Kuandika `latest` kwenye hifadhidata ni kuomba balaa.

Inawaka vizuri, lakini ukurasa haufunguki

Jaribu kwanza `curl -I http://127.0.0.1:8080` ndani ya seva. Ikijibu, Miniflux ni mzima na ugonjwa uko mbele yake.

Kosa la 502 kutoka kwenye proksi (programu inayosimama mbele ya Miniflux kupokea wageni), iwe Caddy au Nginx, mara nyingi lina maana kwamba proksi nayo inakaa ndani ya kontena na umeielekeza kwa `localhost:8080`. Ndani ya kontena, `localhost` ni kontena lenyewe. Elekeza kwa jina la huduma: `miniflux:8080`, na uhakikishe zote mbili zimo kwenye mtandao mmoja wa Docker.

Ukiingiza jina na nenosiri kisha ukarudishwa pale pale pa kuingilia bila kosa lolote, tazama anwani uliyotumia. Ukiwa umeiambia Miniflux kwamba inakaa nyuma ya HTTPS, kuki zake huwekewa alama ya kutosafiri nje ya HTTPS. Ukija kwa `http://192.168.1.20:8080` kivinjari kinazikalia. Chagua mlango mmoja uutumie siku zote, na `BASE_URL` iwe ndiyo huo huo.

Kama seva iko nyumbani na nje hakufikiki kabisa, ingia kwenye ruta uangalie anwani iliyopewa na kampuni ya intaneti. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, huna anwani yako mwenyewe. Unashiriki moja na wateja wengine. Masafa hayo yalitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012 katika waraka wa RFC 6598, na intaneti ya laini za simu huendeshwa hivyo mara nyingi. Hutafanikiwa kwa kufungua poti kwenye ruta hata ukeshe. Weka Tailscale, inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, kwenye seva na kwenye simu, au pitisha WireGuard, ya kazi hiyo hiyo, kwenye VPS ndogo (seva ya kukodi). Kwa matumizi ya mtu mmoja au familia, Tailscale inatosha, na inakuondolea wasiwasi wa kuanika ukurasa wa kuingilia mbele ya dunia nzima.

Kuhusu kuanika, kuna jambo linalowapata wengi. Ukiandika `8080:8080` bila `127.0.0.1` mbele yake, Docker hufungua poti hiyo kwa kupita pembeni ya `ufw`, ukuta wa moto wa seva. Unaweza kuwa umefunga kila kitu kwenye `ufw` na bado mtu wa nje akaifikia.

Milisho iliyokuwa ikifanya kazi imeacha kusasishwa

Kwa anayeweka seva nyumbani, na umeme unakatika, hili ndilo la kusoma polepole.

Miniflux huizungukia milisho kila dakika 60, isipokuwa umebadilisha `POLLING_FREQUENCY`. Mlisho ukishindikana mara tatu mfululizo, huacha kuutembelea mpaka uusasishe kwa mkono. Kikomo hicho kinaitwa `POLLING_PARSING_ERROR_LIMIT`, na thamani yake ya awali ni 3. Ni busara kwa seva iliyoko kwenye kituo cha data ambako intaneti haikatiki, kwa kuwa mlisho uliokufa haupotezewi muda. Lakini fikiria nyumba ambayo seva ina betri na ruta haina, au bando limeisha Jumamosi usiku. Seva inaendelea kuzunguka bila intaneti, kila mlisho unahesabiwa makosa, na saa chache baadaye yote imefika kikomo. Intaneti inarudi, wewe unaona kimya, unadhani habari hazipo.

Weka `POLLING_PARSING_ERROR_LIMIT=0`, maana yake usikate tamaa kamwe. Kisha futa makosa yaliyokwisha kurundikana:

`docker compose exec miniflux /usr/bin/miniflux -reset-feed-errors`

Kama ni mlisho mmoja tu uliosimama, fungua ukurasa wake usome kosa lililoandikwa. Yafuatayo ndiyo ya kawaida.

404 au 410: anwani imehama. Tovuti nyingi za habari zimejengwa kwa WordPress, na huko ukiongeza `/feed/` mwishoni mwa anwani ya tovuti au ya kitengo unapata mlisho, hata kama hakuna kitufe kinachouonyesha.

429: unaomba mno. Kama una milisho mingi ya tovuti moja, usiizungukie kila dakika kumi. Weka `POLLING_SCHEDULER=entry_frequency`, ambayo hutembelea mara nyingi milisho inayoandika sana na mara chache ile mivivu.

`i/o timeout`: upande mmoja ni mzito. Miniflux husubiri sekunde 20; kwenye intaneti inayosuasua panua kwa `HTTP_CLIENT_TIMEOUT=60`.

`no such host`: kontena halipati jina la tovuti. Seva yenyewe ikilipata na kontena likalikosa, andika `dns: [1.1.1.1]` chini ya huduma ya miniflux.

`x509: certificate has expired or is not yet valid`: usikimbilie kuzima ukaguzi wa vyeti. Angalia saa kwanza, kwa `date`. Raspberry Pi kabla ya Pi 5 haina saa inayoendelea kutembea umeme ukizimika, na Pi 5 inayo lakini betri yake hununuliwa peke yake. Ikiwaka upya huanzia saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho hadi ipate intaneti ya kujirekebisha. Imekaa kabatini mwezi mzima? Basi kwake vyeti vilivyotolewa wiki iliyopita bado havijazaliwa. `timedatectl` itakuambia kama saa imeshalingana. Na kama saa ya seva ni sahihi lakini `docker compose exec miniflux date` inakupa mwaka wa ajabu, una mfumo wa zamani wa Raspberry Pi OS wenye maktaba ya `libseccomp2` isiyopatana na taswira mpya za Alpine. Sasisha mfumo, hakuna mpangilio wa Miniflux utakaoponya hilo.

Wakati mwingine tovuti haina mlisho kabisa. Hapo huitengenezei Miniflux dawa, unaweka RSS-Bridge pembeni yake ikutengenezee mlisho kutoka kwenye ukurasa. Huo ni mradi mwingine, na huharibika kila tovuti inapobadilisha sura.

Makala yanakuja nusu

Sasa tumefika kwenye shida iliyokufanya uweke huduma hii. Kukatika kwa makala kuna sababu kadhaa zisizohusiana, na kwenye skrini zote zinafanana: aya moja, nukta tatu, basi.

Anza na mlisho wenyewe. Uchukue kwa `curl -s anwani-ya-mlisho | less` uangalie kipengele kimoja. Katika RSS, muhtasari hukaa kwenye `description`, na makala kamili, kama yapo, hukaa kwenye `content:encoded`. Katika Atom, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2005 kama RFC 4287, ni `summary` na `content`. Ukiona `description` peke yake, mchapishaji ameamua kukupa kionjo ili uje kwake. WordPress ina chaguo hilo kwenye mipangilio yake, na muhtasari inaoutengeneza yenyewe ni maneno 55 yanayoishia na nukta tatu ndani ya mabano ya mraba. Ukiona hizo, huna haja ya kutafuta kasoro nyingine.

Dawa iko kwenye ukurasa wa kuhariri mlisho: weka tiki kwenye "Fetch original content". Fanya hivyo kwa milisho iliyokatwa tu. Ukiiwasha kwenye milisho yote, hata ile inayotoa makala kamili itachotwa upya, mara nyingi kwa ubora wa chini, na kila makala mapya yatakuwa ombi moja la ziada kwenye bando lako.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana huwapotezea watu jioni nzima: tiki hiyo hufanya kazi kwa makala yatakayokuja. Yale yaliyokwisha kuingia yanabaki yalivyo, hata ukisasisha mlisho mara kumi. Ukitaka kupima, fungua makala moja ya zamani ubonyeze "Download" juu yake. Hapo itachotwa upya kwa kanuni mpya, na utaona matokeo papo hapo.

Umewasha, umepima kwa "Download", na bado ni fupi? Chukua sentensi iliyo katikati ya makala, uinakili kutoka kwenye kivinjari, kisha ndani ya seva:

`curl -sL anwani-ya-makala | grep -c "maneno ya katikati"`

Jibu likiwa 1 au zaidi, maneno yanafika kwenye seva na kosa liko kwenye uchujaji. Likiwa 0, chagua maneno mengine mawili matatu yasiyo na alama za kunukuu (alama hizo huandikwa kwa namna nyingi) ujaribu tena. Likibaki 0, hayafiki. Amri hii moja inagawa matatizo yote ya makala nusu mafungu mawili.

*Maneno hayafiki.* Toa hiyo `grep` usome kilichorudi.

Ukikuta ukurasa mwembamba wenye skripti nyingi na mwili mtupu, tovuti huandikwa na kivinjari baada ya kupakuliwa. Miniflux haina kivinjari ndani yake, kwa hiyo haiwezi kuona kitu. Tafuta kama tovuti ina toleo jepesi, la kuchapisha au la AMP, na uelekeze uchotaji huko kwa kanuni ya kubadilisha anwani:

`rewrite("^https:\/\/www\.example\.com\/(.*)$"|"https://www.example.com/amp/$1")`

Hakuna toleo jepesi? Acha. Soma muhtasari, bonyeza kiungo. Unaweza kusimika kivinjari kisicho na skrini kwenye seva kwa ajili ya mlisho mmoja, ila seva yenye RAM ya gigabaiti moja itakulilia.

Ukikuta 403, au ukurasa unaokutaka uthibitishe kuwa wewe ni binadamu, umetambuliwa kuwa mashine. Sababu moja ni utambulisho: Miniflux hujitaja kwa jina lake, na baadhi ya tovuti hukataa chochote kisichojulikana. Kwenye mpangilio wa mlisho kuna sehemu ya kuandika utambulisho mwingine. Sababu ya pili ni nzito zaidi: anwani za VPS zinajulikana kuwa za vituo vya data, na walinzi kama Cloudflare huzishuku tangu mwanzo. Hapo Raspberry Pi iliyoko sebuleni huishinda VPS, kwa sababu inaonekana kama msomaji wa kawaida, na ndiyo. Kama tovuti imekukataa wazi kwa kanuni zake, usishindane nayo.

Ukikuta maelezo marefu kuhusu kuki na faragha, na kila makala ya tovuti hiyo yana maneno yale yale, seva yako huenda iko Ulaya. Wengi wetu hukodi VPS Ujerumani au Ufini kwa sababu ya bei, na tovuti huwawekea wageni wa huko ukurasa wa kuomba ridhaa kabla ya makala. Ingia kwa kivinjari kinachopita kwenye seva hiyo, kubali, kisha nakili kuki ya ridhaa uiweke kwenye sehemu ya kuki ya mlisho. Itakwisha muda siku moja na utairudia.

Ukikuta aya mbili na mwaliko wa kulipia, makala ni ya wanachama. Kama umelipia, kuki yako ya uanachama huenda mahali hapo hapo, na makala yabaki kwako. Kama hujalipia, hakuna kilichoharibika.

*Maneno yanafika, lakini yanachujwa vibaya.* Miniflux hutazama kwanza kama umeiandikia kanuni, kisha kama ina kanuni yake ya ndani kwa tovuti hiyo. Ikikosa zote inakisia kwa mbinu ya Readability, iliyoanzishwa na Arc90 mwaka 2009 na ambayo ndugu yake yumo ndani ya Firefox kama hali ya kusoma. Mbinu hiyo hupiga alama: aya ndefu zenye mikato hupata alama nyingi, sehemu zilizojaa viungo hupunguziwa. Ndiyo maana habari fupi ya aya tatu hushindwa na maoni marefu ya wasomaji yaliyo chini yake, na unashangaa kwa nini mlisho wa michezo unakuletea ugomvi wa mashabiki badala ya matokeo.

Fungua makala hayo kwenye Firefox ubonyeze hali ya kusoma. Nayo ikikosea, ukurasa umepangwa vibaya na utahitaji kanuni. Firefox ikipatia na Miniflux ikakosea, rudi nyuma uhakikishe tena kuwa maneno yanafika, maana Firefox huendesha skripti kwanza.

Kanuni yenyewe ni kichaguzi cha CSS kwenye sehemu ya "Scraper Rules". Bofya kulia kwenye aya ya kwanza, chagua kukagua, panda juu mpaka ufikie kisanduku kinachobeba makala yote na si zaidi. Kwenye WordPress mara nyingi ni:

`.entry-content`

Unaweza kutaja vichaguzi kadhaa kwa mkato, mfano utangulizi na mwili vinapokaa visanduku tofauti: `.utangulizi, .mwili`. Kinachobaki ndani na hukitaki, kama "soma pia", kiondoe kwenye "Rewrite Rules":

`remove(".related, .share")`

Jihadhari na majina ya klasi yaliyotengenezwa na mashine. Tovuti za BBC World Service, BBC Swahili ikiwemo, zimejengwa kwa React, na klasi zake ni `bbc-` ikifuatwa na herufi zisizo na maana. Ukizitegemea, siku wakijenga upya tovuti kanuni yako imekufa kimya kimya. Shika vitu visivyobadilika: `main p` huchukua aya zote za sehemu kuu, na ukitaka picha ongeza `main figure`. Utapata pia aya moja mbili za ziada mwishoni. Mimi naona hiyo ni bei nafuu kuliko kurekebisha kanuni kila mwezi.

Maneno yapo, picha hazipo

Tovuti nyingi huficha anwani ya picha kwenye `data-src` mpaka msomaji ashuke. Andika `add_dynamic_image` kwenye "Rewrite Rules", na kumbuka tena kupima kwa "Download". Kama picha zina anwani ya `http` tupu, Miniflux huzipitisha kwenye proksi yake ya ndani yenyewe. Zikikataa kwa sababu tovuti haitaki picha zake zionyeshwe kwingine, jaribu `MEDIA_PROXY_MODE=all`, ukijua kwamba kuanzia hapo picha zote zitapita kwenye seva yako.

Habari moja inajirudia

Kosa la mchapishaji. Kila kipengele kina kitambulisho, na Miniflux hukitumia kujua kama imeshakiona. Tovuti ikibadilisha kitambulisho kila inaporekebisha kichwa cha habari, kwako inakuwa habari mpya. Hakuna dawa ya kweli upande wako.

Programu ya simu inakataa nenosiri

Nenosiri la kuingilia kwenye ukurasa si lile la programu za simu. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya "Integrations", uwashe Fever au Google Reader (ni namna mbili za programu za simu kuzungumza na seva), na utunge jina na nenosiri lake huko huko. Kwa Fever anwani ni ya Miniflux yako ikiishia na `/fever/`. Kwa Google Reader ni anwani tupu ya Miniflux. Ukiwa na Read You au FeedMe kwenye Android, au Reeder Classic kwenye iPhone, anza na Google Reader. Fever ni ya zamani na ina mipaka: huwezi kuongeza mlisho mpya kupitia kwake.

Diski inajaa

Mara chache ni makala. Miniflux huondoa yaliyosomwa baada ya siku 60 na yasiyosomwa baada ya siku 180, na maandishi hayana uzito. Mwizi wa nafasi ni logi za Docker, ambazo kwa kawaida hazina kikomo, hasa kama uliisahau ile `LOG_LEVEL=debug`. Chini ya kila huduma ongeza:

```
    logging:
      driver: json-file
      options:
        max-size: "10m"
        max-file: "3"
```

Kisha `docker image prune` kwa taswira za zamani zilizobaki baada ya kusasisha.

Nakala ya akiba iwe ya hifadhidata yenyewe, kwa kuwa faili la OPML hubeba orodha ya milisho lakini si ulichosoma wala ulichowekea nyota:

`docker compose exec -T db pg_dump -U miniflux miniflux > nakala.sql`

Ihamishie kwenye mashine nyingine. Kadi ya SD iliyozimikiwa umeme mara nyingi hufa na vyote vilivyomo, nakala ikiwa mojawapo. Na ukiirudisha, irudishe kwenye hifadhidata tupu kabla hujaiwasha Miniflux, la sivyo utakuta majedwali yameshaundwa na amri nusu zitakataliwa:

`docker compose up -d db`

`docker compose exec -T db psql -U miniflux miniflux < nakala.sql`

`docker compose up -d`